Mtoto wa Afisa

Kwa Haboba, nyuma ya msikiti,
Koboko, West Nile.
9 Novemba 1974

Mpendwa mdogo wangu Kaltumu,

Salaam aleikum. Hujambo wewe? Hajambo shemeji Hamuza na masomo yake ya mifugo? Na huyo mwanao, ambaye mpaka leo hujatuambia jina lake, hajambo? Baridi ya huko imeshaanza kuwauma, au mnakaa ndani mkiota moto wa ukutani kama ulivyotusimulia mwaka jana?

Sisi huku ni wazima. Bibi yetu Haboba hajambo, ila magoti yake, na ukimuuliza kuhusu magoti jitayarishe kukaa. Mume wangu Taban hajambo. Cherehani iko Arua na yeye yuko Arua, lakini kila Ijumaa anapanda lori kuja kututazama. Mimi mwili hauna neno. Roho ndiyo ina neno moja, nalo nitalisema humu humu kabla karatasi haijaisha, kwa sababu nikilinyamazia litanivimbia.

Barua hii haipiti posta ya hapa. Draku, yule aliyekuwa akituuzia samaki wakavu, sasa anakwenda soko la Ariwara kila wiki, na ameahidi kuivusha mpaka na kuitia posta upande wa pili. Kwa hiyo naandika bila kujibana. Wewe ukijibu, jibane.

Sasa nianze na barua yako. Mdogo wangu, wewe ni msomi, umeolewa na msomi, lakini nchi ya watu imekusahaulisha jinsi maneno yanavyosikika kwetu. Ninayo hapa mbele yangu. Umeandika hivi: “Mtoto alikuja kabla ya siku zake. Serikali imemchukua. Wamemweka ndani, na mimi naruhusiwa kumwona kwa saa maalumu tu.” Halafu ukurasa ukaisha.

Mjomba Tahiru ndiye aliyeisomea barazani, Haboba na majirani wakisikiliza. Mjomba hakufika ukurasa wa pili. Nani angefika? Haboba alivua kitambaa cha kichwa akakikunja mapajani, akasema polepole, “Mutoto ya jana tu. Serikali nataka yeye ya nini?” Huku, Kaltumu, mtu akichukuliwa na serikali na kuwekwa ndani, hatuulizi amewekwa wapi. Tunatandika mikeka.

Basi wakatandika. Kabla ya alasiri ua ulikuwa umejaa. Mbuzi akachinjwa, yule dume mweupe ambaye Haboba alikuwa amemtunza kwa simaya ya mtoto wangu mimi, siku ya kumpa jina. Wanaume wakasoma Yasin, wanawake wakapika na kulia kwa zamu. Wakati huo mwanao alikuwa amelala kwenye chumba cha kioo, ana muuguzi wake peke yake, ana mashine inayopiga kengele akisahau kupumua. Najua kwa sababu yote hayo umeyaandika ukurasa wa pili.

Habari ilinifikia Arua kwa mdomo wa utingo wa lori. Mimi nilikuwa na mimba ya miezi saba. Taban akasema nisubiri kuche, labda ni uvumi. Sikusubiri. Wewe ni mdogo wangu, nimekubeba mgongoni mama alipokuwa sokoni, ningesubirije? Nikapanda lori la tumbaku, nikakaa juu ya magunia. Barabara ya Koboko unaijua hata ikiwa kavu. Mwaka huu mvua imeila vipande vipande, na dereva alikuwa na haraka kuliko mimi.

Nilipofika niliomba barua kabla hata ya maji ya kunywa. Nikasoma ukurasa wa kwanza. Nikageuza. Ndipo nikaikuta hiyo sheria.

Nimeisoma mara nyingi sana tangu siku hiyo, nadhani naijua kuliko nyinyi mnaoishi nayo. Kwamba bunge la jimbo lenu limekaa kikao, watu wazima waliovaa tai, wakajadili watoto wa miezi saba. Kwamba mtoto akizaliwa kabla ya siku zake, hospitali lazima itoe habari kwa ofisi ya afya upesi. Kwamba kama haina vyombo vya kumtunza, lazima impeleke kwenye hospitali iliyo navyo, ndani ya gari lenye sanduku la joto. Kwamba hawezi kukataliwa, awe wa tajiri au wa maskini, mwenyeji au mgeni kama nyinyi, na wazazi wakiwa hawana, jimbo linabeba. Kwamba serikali kumchukua mtoto maana yake ndiyo hiyo.

Niliwasomea kwa sauti. Mjomba Tahiru akaanza kucheka, na ua mzima ukacheka, watu wameshika mifupa ya mbuzi mikononi. Haboba aliuliza kama sheria hiyo ni ya Kiislamu. Nikamwambia ni ya bunge. Akasema hata hivyo ni nzuri, nikuombe utume kidogo pamoja na blanketi. Mimi nilicheka kuliko wote. Na katika kucheka huko nikasikia maji yananitoka, yakalowesha mkeka.

Alizaliwa kesho yake asubuhi, msichana. Kaltumu, sijawahi kuona mtu mdogo vile. Kichwa chake kilienea ndani ya kiganja cha Haboba na nafasi ikabaki. Hakulia, alikunja uso tu, kama mtu aliyeamshwa kabla usingizi haujamwisha. Nje wanawake walikuwa bado wanaosha masufuria ya dua ya mwanao.

Hapo ndipo neno langu lilipoanzia, basi nilitaje. Nakuonea wivu. Simaanishi wivu wa mchezo, ule wa kugombania mkufu wa mama. Huu ulinikaa kifuani siku ile na haujatoka. Mbuzi wangu ameliwa kwa ajili ya mtoto wako ambaye hakuwa na shida yoyote. Machozi yamemwagwa, dua zimesomwa, watu wamechoka. Halafu ndipo wangu anakuja, na yeye hana bunge.

Ipo zahanati moja karibu na kambi ya jeshi, jina silitaji. Ina muuguzi, Eyotaru, mwanamke wa Mvara mwenye mikono mikavu na maneno machache. Na ina sanduku. Si kama la kwenu. Ni la mbao, kifuniko cha kioo, na chini kuna nafasi ya kupanga chupa za maji moto zilizofungwa vitambaa. Lakini ni sanduku, na mtoto wa miezi saba akilazwa humo anapata joto la mama. Tulikwenda kwa baiskeli mbili. Mimi nilikaa nyuma ya Mjomba, mtoto nimemfunga kifuani ndani ya nguo, na Haboba kwenye kiti cha nyuma cha baiskeli ya jirani, na magoti yake yale.

Sanduku lilikuwa tupu. Nililiona kupitia dirishani, limefutwa vumbi, chupa zimepangwa. Na mlangoni alisimama askari mwenye bunduki. Amri ilikuwa kwamba limewekewa watoto wa maafisa. Pale penyewe palikuwa na afisa mmoja tu, kapteni, na mkewe alikuwa mjamzito wa kukaribia. Basi sanduku lilikuwa linamsubiri mtu ambaye hajazaliwa, na wangu aliyezaliwa yuko nje juani.

Nilimwuliza Eyotaru kama hakuna sheria. Aliangalia mlango, akasema kwa sauti ya chini, “Sheria ni ile nasimama pale. Anavaa buti.”

Sasa askari akatugeukia, akauliza lile swali ambalo huku ndilo la kwanza kila mahali, “Hii mutoto ya nani?”

Unajua desturi ya nyumba yetu. Mtoto hana jina mpaka simaya, na kabla ya hapo anaitwa kwa jina la mwanamke aliyetangulia, mama wa mama yake, yule ambaye damu imetoka kwake. Wewe ulikuwa mtoto wa Haboba hadi siku ya saba. Huyu wangu alikuwa wa nani mwingine isipokuwa wa mama yetu, Mungu amrehemu? Haboba alinyoosha mgongo juu ya fimbo yake akajibu kwa jina la binti yake, kama anavyojibu kila mtu:

“Ya Afisa.”

Askari akagonga visigino. Nakuapia. Akapiga saluti, akafungua mlango, na Haboba akapita akiitikia kwa kichwa, akidhani vijana wa siku hizi wana adabu kumbe. Mimi nilielewa nikiwa tayari nimevuka kizingiti, na miguu ikakataa kurudi. Eyotaru alinitazama viatu vyangu vya plastiki vilivyochanika, akatazama dari, akamfungua mtoto kifuani pangu na kumlaza sandukuni. Baadaye sana aliniambia, “Mimi nilisikia muzuri. Lakini mulango ilikuwa nafunguka.”

Kuanzia hapo nikaishi na woga. Tulilala sakafuni kando ya sanduku, Haboba na mimi, tukibadilisha chupa zikipoa. Maziwa nilikamua kwenye kikombe na Eyotaru akamdondoshea tone kwa tone. Huyu naye alikuwa akisahau kupumua. Wa kwako ana kengele. Wa kwangu alikuwa na kidole cha Haboba, kinamgusa unyayo, na Haboba akisema, “Ee, wewe, iko kazi hapa, pumua.” Kila buti ikipita nje niliona sasa tumejulikana. Nilikuwa nikimtazama mwanangu kwenye kioo na kuwaza wa kwako kwenye kioo, na jinsi wewe unavyolala nyumbani kwenye kitanda, umeudhika tu kwamba saa za kumwona ni chache. Umeandika kwamba umeudhika. Nilitaka kuichana barua hiyo.

Ikaja siku ya mke wa kapteni. Ramadhani ilikuwa imeanza. Alikuja kuangalia sanduku lake, tumbo mbele, kitenge kipya cha Zaire, marashi yametangulia mlangoni. Akakuta limejaa.

“Hii ya nani?”

“Ya afisa, mama,” akasema yule askari, mkakamavu, akitegemea sifa.

Nikaona uso wa mwanamke yule unavyogeuka. Nimekwambia pale palikuwa na afisa mmoja tu. Alinitazama kuanzia viatu, akapanda taratibu mpaka kichwani, akarudi kwenye sanduku akakagua masikio ya mtoto, pua, vidole. Nilijua anatafuta nini. Na nikuambie jambo, mdogo wangu, ulicheke ukipenda. Kwa muda mfupi nilifurahi. Tangu ulipoolewa ukapanda ndege ni mimi ninayewaonea watu wivu, na hapa alisimama mwanamke wa gari na marashi, ananionea wivu mimi, mke wa fundi cherehani, mwenye maziwa yaliyoganda kifuani.

Akamwuliza Haboba, kwa sababu mimi alishindwa kuniuliza, “Mama, hiyo afisa yenu iko wapi?”

Haboba hasikii vizuri siku hizi, ila jina la binti yake analisikia. Akasema, “Afisa alikufa, mwanangu. Mimi mwenyewe nilizika yeye.”

Mwanamke yule alikaa kwenye benchi ghafla, mkono tumboni. Kapteni alikuwa ameitwa Kampala na hakuwa ameleta habari. Wewe umeondoka kabla ya mambo haya kukolea, hujui kuitwa Kampala maana yake nini hata kwa mwenye nyota begani: wengi hawarudi. Hakupiga kelele. Aliukunja ukingo wa kitenge, akaukunjua, akaukunja tena. Nikakumbuka Mjomba alivyonisimulia kuhusu Haboba na kitambaa chake, siku ya barua yako.

Ningeweza kunyamaza. Nikinyamaza, angetoka pale akilia, na sanduku lingebaki letu siku nyingine mbili tatu. Nikisema, kila mtu atajua kwamba tumeingia kwa jina tu, na askari yuko mlangoni anasikia. Nilimtazama mwanangu. Alikuwa ameanza kupata mashavu, madogo sana, lakini mashavu.

Nikasema, “Si yeye, mama. Afisa ni jina. Ni mama yetu, ni huyu Haboba alimuzaa. Mume yako hatumujui.”

Eyotaru akaweka kiganja chake juu ya kifuniko cha kioo, akakiacha hapo. Mimi nilikwishafungua nguo kifuani, tayari kumpokea mtoto nikiambiwa nimtoe.

“Jina ya mwanamuke?” akauliza.

“Jina ya mwanamuke.”

“Alikufa zamani?”

“Zamani.”

Basi akaanza kucheka. Alicheka na machozi yanamtoka, rangi ya macho ikamchafua mashavu yote, akamshika Haboba mkono asiuachilie. Haboba naye akacheka kwa adabu, hakuwa amejua kinachochekesha. Mwishowe akajifuta akasema, “Kama si ya bwana yangu, na bwana yangu hakufa, akae. Akae mpaka ananenepa.” Alipofika mlangoni akamwambia askari, “Wewe hukusikia kitu.” Akaondoka na marashi yake.

Kapteni alirudi salama. Mkewe alijifungua baada ya Idd, dume zito lililolia mpaka barabarani, halikuhitaji sanduku hata dakika moja. Wangu alitoka wiki hiyo hiyo. Tulimpa jina hapa kwa Haboba, na simaya yake ilikuwa ya kuku, kwa sababu habari za mbuzi unazijua. Jina ameitwa Afisa, maana jina hilo alikwisha kulifanyia kazi. Yule askari akikutana nasi sokoni bado anapiga saluti, ila sasa anatabasamu.

Yuko mapajani mwangu ninapoandika. Amevuta kalamu mara mbili, samehe hizo alama.

Kwa hiyo sasa umejua. Usinitumie nguo za mtoto, wala usinitumie picha ya hicho chumba cha kioo, sitaki kukiona. Wanaokuonea wivu kwa sababu ya friji na kiatu kirefu wapo, Arua imejaa. Mimi nakuonea wivu kwa ajili ya kitu kimoja, kile ulichokiandika mwisho kabisa wa ukurasa wa pili, kama mtu anayeongeza chumvi. Kwamba mwanao alifungwa utepe mkononi, na juu ya utepe hakuna jina la baba, wala kabila, wala cheo, wala jina lake mwenyewe kwa kuwa alikuwa hana. Umeandikwa “Mtoto wa Kaltumu”, basi. Na kwa maneno hayo milango yote ikafunguka.

Wa kwangu ilibidi awe wa afisa. Halafu ilibidi asiwe wa afisa yule. Amepona kwa sababu askari alisikia vibaya na kwa sababu mke wa mtu alifurahi. Nashukuru, kila swala nashukuru. Lakini njia ile hawezi kupitishwa mtoto wa pili. Juzi mwanamke wa Lurujo amekuja na wake wa miezi saba, Eyotaru ameniambia. Yule hakuwa na mama aliyeitwa Afisa.

Haboba anakusalimu, anauliza kichwa cha kitukuu kinanukia nini, na safari hii umjibu. Mjomba Tahiru anakusalimu na anasema kuanzia sasa atasoma mpaka mwisho. Taban anamsalimu Hamuza sana. Tuandikie jina la mtoto, na uandike vizuri, ukurasa mmoja, maneno yasiyokatika katikati.

Mungu akukuzie mwanao, amwondoe kwenye kioo hicho akiwa na afya, akurudishe kwetu tukuone. Na kama dua ya mwenye wivu inapokelewa, ninayo moja. Siku moja mwanamke wa Lurujo asimame mlangoni pale, aulizwe mtoto ni wa nani, aseme ni wangu, na iwe imetosha.

Ni mimi dada yako akupendaye na kukuonea wivu,

Asiya,
binti Afisa, mama Afisa.